Zebaki kwenye kopo la krimu: jinsi ya kusoma viambata kabla ya kujipaka au kumpaka mtoto

Ukiishi Katoro, Nyarugusu, Rwamagasa, Kahama au Mwakitolyo, zebaki si neno geni kwako. Umeiona mwaloni ikimiminwa kwenye beseni la mchanga uliosagwa, ikikimbia kama maji ya fedha na kukamata chembe za dhahabu. Huenda wewe mwenyewe umeosha, au mumeo, au kijana wako anachoma. Na huenda umeshaambiwa na mhudumu wa afya kwamba moshi wa kuchomea ni sumu, na kwamba mtoto hapaswi kuwa karibu.

Wasichoambiwa akina mama wengi ni kwamba metali hiyohiyo hupatikana kwenye baadhi ya krimu na sabuni za kung'arisha ngozi zinazouzwa gulioni. Mama anaweza kukaa mbali na mwalo mwaka mzima, akamkataza mtoto kusogelea karasha, kisha jioni akajipaka zebaki usoni na kumlaza mtoto kifuani.

Ukurasa huu unakusaidia kusoma kilichoandikwa kwenye kopo, boksi au karatasi ya sabuni, kulinganisha bidhaa moja na nyingine, na kujua la kufanya kama tayari umeshatumia kitu ambacho sasa kinakutia wasiwasi.

Zebaki iliyopatikana kwa wasiochimba

Mwaka 1999 Masazumi Harada, daktari wa Kijapani aliyetumia maisha yake kuchunguza sumu ya zebaki, alichapisha pamoja na wenzake matokeo ya kupima nywele za watu wa Kanda ya Ziwa. Walipima wachimbaji wa dhahabu, wavuvi na familia zao, na wakazi wa Mwanza. Harada alitoka kwenye historia ya Minamata, mji wa Japani ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini, watu wakala samaki, na ugonjwa ukatangazwa rasmi mwaka 1956. Ungetarajia kwamba huku kwetu zebaki nyingi ingekutwa kwa wachimbaji peke yao. Haikuwa hivyo. Baadhi ya waliokutwa na kiwango kikubwa sana hawakuwa wachimbaji kabisa, na watafiti walielekeza kidole kwenye sabuni ya kuogea yenye zebaki. Miaka miwili baadaye kundi hilo liliandika juu ya sabuni za aina hiyo nchini Kenya.

Kenya ilikuwa imeshaonywa mapema zaidi. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika kuhusu wagonjwa 60 waliovimba mwili kwa sababu figo zao zilikuwa zikipoteza protini kwenye mkojo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakipaka krimu za kung'arisha zenye zebaki. Baadhi walipata nafuu baada ya kuacha krimu.

Kwa hiyo jambo hili si geni wala si uvumi wa mitandaoni. Tanzania inakataza vipodozi vyenye zebaki, na mwaka 2020 iliridhia Mkataba wa Minamata, ambao unabana zebaki machimboni na kwenye bidhaa pia. Mwanzoni mkataba ulilenga vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja katika milioni, yaani gramu moja ndani ya tani nzima ya krimu. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuondoa hata uvumilivu huo, na 2025 ukawekwa kuwa mwaka wa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje au kuingiza kipodozi chochote kilichoongezwa zebaki.

Sasa linganisha na kinachokutwa kwenye bidhaa zenyewe. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba sabuni za aina hii huwa na zebaki aidoidi asilimia 1 hadi 3, na krimu huwa na chumvi ya zebaki na amonia asilimia 1 hadi 10. Kopo la gramu 50 lenye asilimia 1 tu lina nusu gramu ya chumvi hiyo. Mchimbaji anajua nusu gramu ni kiasi gani kwenye mizani ya dhahabu, haidharau.

Inavyofanya kazi mwilini

Rangi ya ngozi hutokana na melanini, ambayo pia ndiyo kinga yetu dhidi ya jua. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza melanini, ndiyo maana uso hung'aa haraka. Lakini haibaki juu ya ngozi. Hupenya, huingia kwenye damu, na figo ndizo huumia kwanza. Wengine hupata vipele, mabaka, mikono kutetemeka, kukosa usingizi, hasira au huzuni isiyo na sababu, ganzi ya vidole. Dalili hizi huja polepole, na mtu hufikiri ni uchovu wa maisha au malaria isiyoisha.

Kwa mjamzito, zebaki hupita kwenye kondo na kumfikia mtoto tumboni. Kwa anayenyonyesha, kiasi fulani huingia kwenye maziwa. Na kwa aliye nyumbani tu, hupita kwenye taulo, mto, shuka, kanga ya kumbebea, na mkono wa mama unaomlisha uji. Mwaka 2010 huko California na Virginia, Marekani, wahudumu wa afya walipima familia zilizokuwa na krimu ya namna hii nyumbani. Walikuta zebaki kwenye mkojo wa watu ambao hawajawahi kujipaka, watoto wakiwemo.

Mtoto mdogo aliyepata zebaki anaweza kuwa na viganja na nyayo zenye wekundu, zinazouma na kuambuka, jasho jingi, kulia bila kunyamaza, kukataa kula, na shinikizo la damu lililopanda. Uingereza ya zamani iliujua ugonjwa huu vizuri, kwa sababu watoto walikuwa wakipewa unga wa kuotea meno wenye zebaki. Unga huo ulipoondolewa madukani katika miaka ya 1950, ugonjwa karibu upotee.

Soma boksi, siyo picha ya mbele

Mbele ya boksi kuna picha ya mwanamke anayetabasamu na maneno ya kuvutia. Hapo huhitaji kusoma sana. Geuza. Tafuta neno "Ingredients", au "Ingrédients" kama bidhaa imetoka nchi zinazotumia Kifaransa, kama Kongo au Ivory Coast. Orodha inayofuata ndiyo viambata.

Sheria ya kwanza ya orodha hiyo ni mpangilio. Kilicho kingi zaidi huandikwa kwanza, kisha kinachofuata, hivyo hivyo kushuka. Vile vilivyo chini ya asilimia 1 vinaweza kuandikwa kwa mpangilio wowote mwishoni. Ukiona "Aqua" mwanzoni, ni maji. Losheni nyingi ni maji zaidi ya nusu, na hilo si kosa. Ukiona "Petrolatum" mwanzoni, ni mafuta ya mgando. "Paraffinum liquidum" ni mafuta ya madini yaliyosafishwa, yale ya mtoto yenye kung'aa kwenye chupa. "Glycerin" ni glisirini. "Parfum" au "Fragrance" ni manukato.

Mimea huandikwa kwa jina la Kilatini, na hapa ndipo wengi hukwama. "Helianthus annuus" ni alizeti. "Gossypium" ni pamba, ndiyo, mbegu ya pamba yetu ya Usukumani. "Cocos nucifera" ni nazi, "Butyrospermum parkii" ni siagi ya shea, "Aloe barbadensis" ni aloe vera.

Kuna hila ndogo ya kulinganisha bei ambayo ingefaa kila mama aijue. Manukato kwa kawaida huwa chini ya asilimia 1 ya losheni. Kwa hiyo kitu chochote kilichoandikwa baada ya "Parfum" huenda kipo kidogo mno. Losheni iliyoandikwa "ALOE VERA" kwa herufi kubwa mbele, lakini nyuma aloe ikawa ya mwisho baada ya manukato, inakuuzia jina la aloe. Ile ya bei nafuu yenye glisirini nafasi ya pili inaweza kukulainisha ngozi vizuri zaidi.

Neno lingine linaloogopesha bure ni "alcohol". "Cetearyl alcohol" na "Cetyl alcohol" ni aina ya nta laini inayofanya losheni iwe nzito. Hazikaushi ngozi wala hazina uhusiano na pombe. "Alcohol denat." ndiyo spiriti, na hiyo huchoma na kukausha ngozi ya mtoto.

Maneno matatu ya kukataa

Zebaki ina majina mengi. Kwenye boksi inaweza kuwa "Mercury", "Mercurio", "Mercure", "Hg", "Calomel", "Mercurous chloride", "Mercuric iodide", "Ammoniated mercury" au "Cinnabar". Ukikuta mojawapo, rudisha. Tatizo ni kwamba watengenezaji wengi wa krimu hizi hawaiandiki kabisa. Vipimo vilivyofanywa katika nchi nyingi vimekuta zebaki kwenye makopo ambayo orodha yake ilikuwa safi, au hayakuwa na orodha.

Lakini mara nyingine boksi hujisaliti. Baadhi huonya kwamba krimu isigusane na dhahabu, fedha, alumini au raba, au kwamba uvue pete na hereni kabla ya kupaka. Mtu wa Geita hahitaji kuelezwa zaidi. Kitu gani hushikana na dhahabu? Usijaribu kuthibitisha kwa pete yako. Onyo hilo lenyewe linatosha kuiacha krimu dukani.

Haidrokwinoni ni ya pili. Kwenye boksi huandikwa "Hydroquinone", "HQ", "Quinol", "1,4-benzenediol" au "1,4-dihydroxybenzene". Huondoa rangi kweli, lakini ikitumika muda mrefu hugeuka na kuacha madoa meusi yenye rangi ya bluu na vijivu mashavuni, karibu na macho na kwenye vifundo vya vidole. Madaktari wa Afrika Kusini walieleza madoa haya mwaka 1975, na mara nyingi hayatoki tena. Mtumiaji akiyaona huongeza krimu ili kuyafuta, na hivyo huyalisha. Ulaya imeikataza kwenye krimu za ngozi tangu 2001. Tanzania nayo inaikataza kwenye vipodozi. Daktari wa ngozi anaweza kuiandika kama dawa kwa muda mfupi, na hilo ni suala tofauti na kununua kopo sokoni.

Ya tatu ni steroidi, na hii ndiyo inayowafikia watoto zaidi, kwa sababu huuzwa kama dawa ya upele. Tuseme kidogo zaidi juu yake.

Steroidi kwa mtoto

Hadithi huwa hivi. Mtoto wa miezi minne ana vipele shingoni na kwenye mapaja. Jirani anakuambia, mpake ile tyubu ndogo, kesho asubuhi vitakuwa vimekauka. Na kweli vinakauka. Siku tano baadaye vinarudi, vikali zaidi. Unampaka tena. Wengine huona mtoto amekuwa mweupe na laini, wakaendelea kwa sababu hiyo, na shangazi akasifia.

Kilichomo kwenye tyubu hiyo mara nyingi ni "Clobetasol propionate" au "Betamethasone", wakati mwingine pamoja na dawa ya fangasi na antibiotiki ndani ya tyubu moja. Clobetasol ni miongoni mwa steroidi kali kuliko zote zinazopakwa. Majina ya jamii hii ni rahisi kuyatambua ukishajua mkia wake: mengi huishia na "-sone", "-solone" au "-onide", au hufuatwa na "propionate", "dipropionate" au "valerate".

Ngozi ya mtoto ni nyembamba, na mwili wake una eneo kubwa la ngozi ukilinganisha na uzito wake. Nepi au nailoni juu yake huzidisha upenyaji. Steroidi kali ikipakwa kwa wiki nyingi hufanya ngozi iwe nyembamba na kuonyesha mishipa, mashavu yakavimba na kuwa mviringo, mtoto akanenepa usoni huku urefu ukisimama, na maambukizi yakamshika kwa urahisi. Mwili wake pia unaweza kuacha kutengeneza homoni yake ya asili ya aina hiyo. Hii ndiyo sababu, kama mtoto amepakwa steroidi kali kwa wiki nyingi, hatukushauri uiache ghafla usiku mmoja bila kumwona mhudumu. Nenda na tyubu yenyewe zahanati au kituo cha afya, wakupangie jinsi ya kuipunguza.

Si kila steroidi ni adui. "Hydrocortisone" ya asilimia 1 ni hafifu, na mhudumu anaweza kumwandikia mtoto mwenye pumu ya ngozi kwa siku chache. Tofauti ni nani aliyeiandika, nguvu yake, na siku ngapi. Steroidi ni dawa. Ikiwa imo ndani ya kopo linalouzwa kama losheni ya urembo, hata kama ni kidogo, kopo hilo halipaswi kuwa sokoni.

Mkorogo hauna orodha

Kuna duka ambalo halina boksi la kusoma kabisa. Muuzaji anachota krimu mbili tatu na losheni, anaongeza tyubu ya steroidi, wengine hata jiki na dawa ya meno, anakoroga na kukupa kwenye chupa ya maji. Huo ndio mkorogo. Hata anayeukoroga hajui kiasi cha kila kitu, kwa sababu krimu alizoanza nazo zenyewe hazijasema kweli.

Wanawake wengi huanza kujipaka kwa sababu ambazo hatutazicheka hapa. Baadhi wanaambiwa kazi ya hoteli au baa inataka mtu "anayevutia". Wengine mume amesema neno. Na wengi, kuliko inavyodhaniwa, wanaanza wakati wa ujauzito, mabaka meusi yanapotokea mashavuni na kwenye paji la uso. Kama hilo ndilo tatizo lako, jua kwamba mabaka ya ujauzito huletwa na homoni na kukolezwa na jua, na mara nyingi hufifia yenyewe miezi baada ya kujifungua. Kofia pana au mtandio, na krimu ya kuzuia jua, husaidia kuliko mkorogo, ambao huondoa kinga ya ngozi dhidi ya jua lilelile lililoleta mabaka.

Ukitaka kitu cha kupunguza madoa kwa usalama zaidi, tafuta "Niacinamide", ambayo ni vitamini B3, au muulize mhudumu kuhusu "Azelaic acid". Zinafanya kazi polepole, kwa miezi. Bidhaa inayoahidi siku saba imekuambia jambo muhimu kuhusu kilichomo. Ukiwa mjamzito, kaa mbali na krimu zenye "Tretinoin", "Retinol" au jamii yake.

Tulinganishe makopo matatu

Chukulia umesimama dukani Kahama na una makopo matatu mkononi.

La kwanza nyuma limeandikwa: Petrolatum, Paraffinum liquidum, Lanolin, Parfum. Ni mafuta ya mgando yenye manukato kidogo. Hayana kitu cha ajabu. Hayalishi ngozi kama tangazo linavyosema, lakini yanazuia maji yasitoke, na hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mtoto mwenye ngozi inayowasha angefaidika zaidi na yale yasiyo na "Parfum".

La pili: Aqua, Glycerin, Helianthus annuus seed oil, Cetearyl alcohol, Phenoxyethanol. Ni losheni ya maji, glisirini na alizeti, pamoja na nta na kihifadhi. Kihifadhi kinahitajika, kwa sababu kitu chenye maji bila kihifadhi huotesha bakteria na ukungu. Hili lina bei ya juu kidogo kuliko la kwanza, lakini halina manukato. Kwa mtu mzima mwenye ngozi kavu msimu wa kiangazi wa Shinyanga, ningechukua hili.

La tatu ni zuri kuliko yote kwa macho. Lina maneno "Whitening" na "Éclaircissant", linaahidi mng'ao ndani ya wiki, na pembeni linaonya lisiguse fedha. Halina orodha, halina anwani ya kiwanda, namba ya toleo imefutika. Bei yake iko katikati. Hilo ni la kuliacha, na ikiwezekana kumwambia muuzaji kwa upole kwa nini umeliacha. Wauzaji wengi wa gulioni nao hawajui. Hushika makopo hayo kila siku na kuyahifadhi wanakolala.

Vipodozi vinavyouzwa nchini vinapaswa kusajiliwa na Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ambalo lilipokea kazi hiyo kutoka iliyokuwa TFDA mwaka 2019. Ukitilia shaka bidhaa, TBS wana ofisi ya Kanda ya Ziwa Mwanza, na afisa afya wa kata anaweza kukuunganisha. Usiridhike na alama peke yake, kwa sababu alama nayo hughushiwa. Isome pamoja na orodha.

Ngozi ya mtoto mchanga inahitaji kidogo sana

Huu ni upande wa habari njema, na ni mfupi. Mtoto mchanga anahitaji maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo isiyo kali au bila sabuni kabisa wiki za kwanza, na mafuta mepesi kama ngozi ni kavu. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato yanatosha, na yanasaidia vizuri chini ya nepi. Mafuta ya alizeti yaliyo safi pia ni mazuri. Yamefanyiwa utafiti Bangladesh kwa watoto njiti na kuonekana kupunguza maambukizi. Mafuta ya zeituni, licha ya sifa zake, yanaweza kulegeza ukuta wa ngozi, na mafuta ya haradali huiwasha.

Poda iache. Vumbi lake likivutwa huingia kwenye mapafu ya mtoto. Kampuni ya Johnson & Johnson iliacha kuuza poda ya mtoto yenye ulanga duniani kote mwaka 2023, baada ya kesi nyingi. Kitambaa kikavu na nepi inayobadilishwa mapema hufanya kazi ya poda bila vumbi. Mafuta ya kuchua yenye "Camphor", "Menthol" au "Methyl salicylate" usimpake mtoto wa chini ya miaka miwili, na yaweke mahali asipofika. Kafuri ikimezwa, hata kidogo, inaweza kumletea degedege.

Kama mtoto wako ana ualbino

Kwako kusoma boksi ni jambo la kila siku. Unachotafuta ni krimu ya kuzuia jua yenye SPF 30 au zaidi. "Zinc oxide" na "Titanium dioxide" ni viambata vinavyokaa juu ya ngozi na kuzuia mionzi, na ngozi ya mtoto huvipokea vizuri. Krimu ya urembo iliyoandikwa "SPF" kwa herufi ndogo pamoja na neno "whitening" si mbadala wake. Hapa Tanzania kuna krimu iitwayo Kilisun, inayotengenezwa Moshi katika kituo cha magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Uliza kliniki ya ngozi ya hospitali ya mkoa, au chama cha watu wenye ualbino wilayani kwako, lini huletwa. Hata ikikosekana, kofia pana, mikono mirefu na kivuli hufanya sehemu kubwa ya kazi.

Kama umeshatumia

Acha krimu au sabuni unayoitilia shaka ya zebaki leo. Ngozi inaweza kuwa nyeusi zaidi kuliko mwanzo kwa muda, na wengi hurudia hapo. Mwambie mtu mmoja unayemwamini ili akushike mkono. Kama ulitumia mkorogo au steroidi, ngozi inaweza kuwa nyekundu na kuwaka kwa wiki kadhaa. Hiyo ni sababu ya kwenda kituo cha afya, siyo ya kurudi kwenye kopo.

Nenda haraka kama uso au miguu imevimba, mkojo una povu jingi, mikono inatetemeka, au mtoto ana dalili tulizotaja. Sema wazi ulichopaka na kwa muda gani. Mhudumu hawezi kukisia. Beba kopo. Mkojo unaweza kupimwa protini hata kwenye vituo vidogo. Kipimo cha zebaki yenyewe hufanyika kwenye maabara kubwa, na hospitali ya rufaa ya mkoa au Bugando wataelekeza.

Usimwachishe mtoto ziwa kwa hofu. Acha krimu, osha matiti na mikono, endelea kunyonyesha, kisha mwone mhudumu akushauri.

Kopo lenyewe usilichome, maana moto hugeuza zebaki kuwa mvuke, kama kwenye kuchoma dhahabu. Usilitupe chooni wala kisimani. Lifunge kwenye mfuko wa plastiki, uuweke ndani ya mwingine, mbali na watoto, na mwulize afisa afya pa kulipeleka. Taulo na foronya ulizotumia na krimu hiyo uzitenge na nguo za mtoto. Na kama nyumbani kuna mtu wa mwaloni, nguo zake za kazi zivuliwe nje na zifuliwe kwenye beseni lake peke yake.